Neno Nililoliongeza

Kwetu Likasi mwalimu wa sekondari haitwi mwalimu. Anaitwa Prof, awe alimaliza chuo au alikiacha njiani, na jina hilo likishamganda haliondoki tena. Huyu ninayemkumbuka alikuwa na jina la ubatizo na jina la babu yake, lakini sisi hatukuyatumia. Hata mke wake, wageni wakiwapo, alisema, "Prof anakuya, mungoye kidogo." Nami nitamwita hivyo hivyo.

Tumemzika mwaka huu, kabla ya mvua za kwanza. Padri alimsifu kwa imani yake, kwa ndoa yake, kwa miaka aliyoimba kwaya. Yote yalikuwa kweli. Ila hakutaja Kiingereza hata mara moja, na bila Kiingereza Prof anabaki kuwa mzee mwingine tu mwenye suruali iliyopigwa pasi ya makaa.

Kiingereza alichokipenda kilikuwa cha kuandikwa. Cha kusemwa kilimshinda, na hakuficha. Aliwahi kuvuka mpaka mara moja tu maishani, kwenda harusi Kitwe. Ofisa wa mpakani alimuuliza swali fupi. Prof akaomba arudie. Akarudia, na Prof hakuelewa. Mara ya tatu Prof alitoa kalamu mfukoni akamwomba amwandikie swali lenyewe kwenye karatasi. Ofisa aliita wenzake waje wamwone mwalimu wa Kiingereza kutoka Kongo. Kisa hiki alitusimulia yeye mwenyewe, juma la kwanza la masomo, mbele ya watu wazima thelathini ambao walikuja kwake wajifunze lugha hiyo.

"Masikio yangu haiko na Kiingereza," alisema akionyesha masikio. Kisha akanyoosha mikono iliyojaa chaki. "Mikono njo iko nayo."

Na kweli ilikuwa nayo. Alikuwa na kitabu cha sarufi kisicho na jalada, alichoachiwa na mmisionari mmoja, na kamusi iliyochanika kuanzia herufi W mpaka mwisho. Maneno yanayoanza na W alijifunza kwa kuulizauliza, na mpaka uzee wake aliyaandika kwa wasiwasi, kama mtu anayepita kwenye ua wa jirani asiyemjua vizuri. Yaliyobaki aliyamiliki. Watu walimletea maboksi ya dawa, vitabu vya mashine, mikataba ya kazi, barua za wachumba waliokwenda Afrika Kusini. Alisoma yote kwanza kimya, mpaka mwisho, ndipo akaanza kutafsiri. Hakuwahi kutafsiri sentensi kabla hajaona sentensi ya mwisho. Ukimharakisha alikurudishia karatasi yako.

Darasa lake la watu wazima lilikuwa katika ukumbi wa parokia, Kikula, saa kumi alasiri, mara mbili kwa juma. Kulikuwa na wauguzi, madereva, mafundi umeme, na vijana kama mimi waliomaliza shule na kukaa nyumbani. Migodi ilikuwa imeanza kupokea wakubwa wapya wasiojua Kifaransa. Kila mmoja wetu alitaka Kiingereza cha kujaza fomu ya kazi. Prof alitupa hicho, kwa haraka na bila furaha, halafu akatuingiza katika mambo aliyoyapenda yeye. Na alichokipenda kuliko vyote, sijui kama watu wataniamini, ni namna Mwingereza anavyoandika kwamba jambo haliwezekani.

Siku ya kwanza ya somo hilo aliandika ubaoni sentensi mbili. Ya juu: "I can't really come." Ya chini: "I really can't come." Maneno ni yale yale, alisema, manne. Lililohama ni moja. Kisha akamgeukia muuguzi mmoja aliyekaa mbele.

"Mwanaume anaomba kukuoa. Unamujibu na ya juu. Anafanya nini?"

"Anarudia kesho, Prof."

"Na ya chini?"

"Anaenda kuomba dada yangu."

Ukumbi mzima ulicheka. Prof alicheka wa mwisho, polepole, kwa sababu muuguzi alikuwa amepata. Ya juu ni kukataa kwa mtu anayesita. Ya chini imekwisha. Sisi tuliolelewa na Kifaransa tulikosea hapo daima. Tulizoea kuandika ile "absolument" yetu baada ya kitenzi, basi tukaandika "I cannot absolutely come", na Prof alipiga mstari chini yake akaandika pembeni: *Unakuja au hauji?*

Dereva mmoja wa lori aliandika "very impossible". Prof hakukasirika. Alimsimamisha.

"Weye ulishaona muntu anakufa sana?"

"Apana, Prof."

"Anakufa kidogo?"

"Apana."

"Anakufa, ao haikufa. Basi kitu yenye haiwezekani nayo ni vile. Hauiongezi 'sana'. Uiongeze neno yenye inafunga, ao uiache."

Neno alilolitaka alilitunza mpaka mwisho wa mwaka. Lilikuwa "possibly". Likikaa peke yake, alisema, ni neno laini, maana yake ni labda. Mtu akiandika kwamba anaweza "possibly" kuja, umpikie lakini usimngoje. Ila ukilichukua neno lile lile la labda ukaliweka baada ya "cannot", linageuka. "I cannot possibly come" maana yake ni kwamba nimetafuta kila njia, hata ile nyembamba ya labda, na sikuiona.

Alituuliza Kiswahili chake. Tulitoa tuliyokuwa nayo: hata kidogo, kabisa, hata siku moya. Mmoja aliyesoma seminari akatoa "katu" na "asilani". Prof aliyaandika yote ubaoni, akayatazama, akatikisa kichwa. Hayo, alisema, ni ya kuongeza sauti. Hili si la sauti.

"Ile haiko makelele," alisema. "Ni ushahidi. Muntu anasema: minye nilitafuta. Kama haukutafuta, usiiandike. Andika 'sitaki'. 'Sitaki' ni neno ya heshima, inasema kweli. Lakini usiandike 'siwezi' na ile neno nyuma yake kama ulikuwa umeikala tu mu kiti."

Wengi waliandika hilo kwenye daftari kama kanuni nyingine ya sarufi. Mimi pia.

Sababu yake niliijua baadaye kidogo, alasiri moja ambayo mvua ilitufungia ukumbini, yeye na mimi tu. Alikuwa na binti, alisema. Sikujua, nilijua wavulana wake wawili. Binti alikuwa na miaka tisa na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Hapa mjini walimwambia hawana la kufanya. Akaandika barua, kwa Kiingereza, kwa hospitali moja ng'ambo ya mpaka, kurasa tatu. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, sentensi nne. Ya tatu aliijua kwa moyo na alinisomea: kwamba madaktari "cannot possibly" kumpasua mtoto aliye katika hali hiyo.

"Ulikasirika, Prof?"

"Nilikasirikia Mungu. Ule dokta, apana." Alikuwa anafuta chaki vidoleni kwa kitambaa. "Niliwaza: ule muntu anajua kuandika. Ameangalia fasi yote. Kama angeandika 'labda', ningepakia mutoto mu kamyo, na angenikufia ku mupaka, mu vumbi, bantu banaangalia. Sasa tulibakia naye ku nyumba. Mama yake alimubeba. Tulimuimbia." Akakunja kitambaa. "Ile neno ilinisaidia kukaa."

Mvua ilipopungua alifunga madirisha, akahakikisha kila moja, na hatukulizungumza tena.

Cha ajabu ni kwamba mtu huyu, aliyetufundisha kukataa kwa namna sita, mwenyewe hakuweza kumkataa mtu. Baiskeli yake alimwazimisha jirani kwa siku moja, nayo ikakaa huko miaka miwili, na Prof akawa anatembea kwa miguu kutoka kwao mpaka Kikula. Parokia ilimwomba aimbe peke yake wimbo wa Krismasi. Sauti yake ilikuwa mbaya, alijua, aliimba. Mtu akimwomba kitu alisema "tutaona", na sote tulijua kwamba hiyo ni ndiyo. Mke wake alichoka.

"Unafundisha bantu kukatala," alimwambia siku moja mbele yangu, "na weye mwenyewe haujue kusema apana!"

"Na Kiingereza ninajua," Prof akamjibu. "Kukatala na Kiingereza ni kama kukatala na kinywa ya muntu mwingine. Na Kiswahili, ule muntu ananiangalia."

Mkewe akamjibu kwa Kiluba maneno ambayo Prof hakunitafsiria.

Mimi nilipata kazi kwa sababu yake. Barua ya maombi niliiandika mwenyewe, yeye akaisahihisha mara tatu, na kampuni moja ya madini, ambayo sitaitaja, ikanichukua kuwa karani wa barua. Kazi yangu ilikuwa kusoma yanayoingia kwa Kifaransa na Kiswahili, kumweleza meneja kwa Kiingereza, na kuandika majibu. Siku niliyosaini mkataba nilimpelekea Prof habari. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Mwezi wa kwanza nilimtembelea kila Jumapili. Mwezi wa pili, Jumapili mbili. Kisha kazi, kisha mke, kisha mtoto. Niliacha kwenda, na kila nilipokaa bila kwenda ilizidi kuwa vigumu kwenda.

Mtaa wa Prof uko upande wa barabara ya Kambove. Kampuni ilipoanza kuchimba karibu, baruti ilianza kupigwa saa sita mchana, na nyumba za matofali mabichi zikaanza kupata nyufa. Familia kumi na moja zilikaa karibu na machimbo kuliko nyingine. Zilikutana, zikaomba kampuni iwahamishe kabla ya mvua, iwape viwanja mahali pengine. Wakajua kwamba wakubwa wanasoma Kiingereza tu. Wakaenda kwa Prof.

Barua ilipofika mezani kwangu niliutambua mwandiko kabla sijasoma neno. Ilikuwa kurasa mbili. Hakukuwa na kosa. Prof alieleza nyufa za kila nyumba, nyumba kwa nyumba, ukuta gani, upana gani. Mwishoni aliomba kampuni itazame kama kuna njia.

Meneja aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Alikuwa mgeni, mtu mtaratibu, si mkali. Alisema familia ni chache, na mwaka huu hana nafasi ya mambo hayo. "Waambie hapana," alisema, "lakini kwa adabu." Akaenda kula.

Ningeweza kuandika mengi. Ningeweza kuandika kwamba kwa sasa kampuni haina nafasi. Ningeweza kuandika kwamba ombi limepokelewa. Meneja hakuwa na habari na maneno, angesaini chochote. Lakini barua ile ilitoka kwa Prof, na nilijua ataisoma yeye, na nilitaka aone. Hiyo ndiyo kweli yangu na sina nyingine. Nilitaka aone kwamba nimejua. Niliandika sentensi nne, safi, na ya tatu ilisema kwamba kampuni "cannot possibly" kuzihamisha familia husika. Nililitazama neno lile pale lilipokaa. Nililipenda. Meneja alisaini bila kuketi, na barua ikaenda.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye sana na Mama Chantal, jirani wa Prof, mjane mwenye watoto watatu, aliyeishi na mama yake mzazi. Familia zote zilikusanyika uani kwa Prof. Alisoma kimya mpaka mwisho, kama kawaida yake. Kisha akatafsiri. Mzee mmoja akauliza, "Prof, hatuwezi kuandika ingine?"

Prof alivua miwani, akaifuta, akasoma tena sentensi ya tatu.

"Apana," alisema. "Uyu muntu aliandika, anajua Kiingereza muzuri. Amesema alitafuta njia yote na hakuna hata moya. Tusipoteze wakati. Kila muntu atafute kwake."

Walimwamini. Yeye naye aliamini neno, kwa sababu alituambia tusiliandike kama hatukutafuta, na alijua barua ile imetoka kwa mkono uliofundishwa naye. Waliokuwa na ndugu Kapolowe walianza kupanga kwenda Kapolowe. Wengine walifikiria Kambove. Wengi hawakuwa na pa kwenda upesi, wakangoja. Mvua za kwanza zikaja. Siku ya nne ukuta wa jiko la Mama Chantal ulianguka, asubuhi, na mama yake alikuwa ndani. Aliishi siku mbili.

Nilisikia habari hiyo kazini, kama mtu anavyosikia habari za mtaa mwingine. Sikwenda matangani. Nilituma mtu apeleke unga.

Ng'ambo ya reli kulikuwa na mtaa mwingine wenye nyufa kama zile. Wao hawakuwa na Prof. Waliandika Kifaransa kibovu, na mara moja Kiswahili, kwenye karatasi ya daftari. Barua zao nilizijibu kwa uvivu, maana hakukuwa na mtu kule wa kunipima. Niliandika kwamba kwa sasa haiwezekani. Wakaandika tena. Nikaandika kwamba bado haiwezekani. Wakaandika tena. Barua ya tano meneja aliishika mkononi muda mrefu, akasema, "Hawa watu hawachoki," akaita mhandisi. Walihamishwa kabla ya kiangazi, na mabati mapya.

Nilipoandika hati ya kuhamishwa kwao, mimi mwenyewe, kwa mkono huu, ndipo nilipoelewa nilichofanya. Siku iliyofuata nilimwomba meneja aifungue tena faili ya upande wa Kambove. Aliniuliza familia ngapi zimebaki. Nilikwenda kuuliza. Zilikuwa mbili. Akasema, basi hakuna tena mtaa wa kuhamisha.

Sikuacha kazi. Nina watoto, na nimeona watu wanaosema waliacha kazi kwa ajili ya haki wakirudi kuiomba. Ila nilikaa miezi mingi nikipita njia nyingine ili nisikutane na Prof.

Alikuwa amehamia kwa mwanawe mkubwa, mtaa wa Panda, chumba kimoja chenye mlango wa nje. Mkewe alikuwa amefariki wakati huo. Nilikwenda Jumamosi asubuhi, nikiwa nimejifunza maneno njiani. Miguu yake ilikuwa imevimba. Alikuwa amekaa kitandani, kitabu cha sarufi kisicho na jalada pembeni yake, na alinitambua upesi kuliko nilivyotaka.

"Mutoto yangu. Ikala."

Sikukaa. "Prof, ile barua ya kampuni. Ni minye niliandika."

Hakushtuka. Alitazama miguu yake.

"Nilijua ni mumoya wenu," alisema. "Nilikuwa na majina tatu. Ya kwako ilikuwa mule. Niliomba isikuwe weye." Akakisogeza kitabu pembeni. "Patron njo alikuambia uandike 'possibly'?"

"Apana."

"Alikuambia nini?"

"Alisema niseme apana. Na adabu."

"Basi ile neno ilitoka wapi?"

"Nililipenda, Prof. Nilitaka ulione."

Nje mjukuu wake mmoja alikuwa anapigiwa kelele kwa kumwaga maji. Prof alingoja mpaka kelele ikaisha.

"Nitakuambia kitu yenye sikuambia muntu," alisema. "Siku ile nilifungua barua, nilisoma mpaka mwisho, na nilifurahi. Unasikia? Bantu banaikala mu lupango yangu, banangoya niwaambie kama watalala fasi gani, na minye mu roho nasema: angalia sentensi hii, ni yangu, njo minye nilimufundisha. Nilifurahi mbele ya kuwahurumia. Ilikuwa kidogo tu. Lakini ilikuwa ya kwanza."

Nilianza kulia. Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu.

"Nisamehe, Prof."

"Kwa minye imeisha. Minye ukuta haikuniangukia." Alianza kutafuta viatu vyake kwa mguu chini ya kitanda. "Mama Chantal iko Kapolowe. Unajua njia?"

Nilimwambia hawezi kusafiri na miguu ile. Aliendelea kutafuta viatu. Mwanawe alikuja akamkatalia, mkwewe akamkatalia, na mwishowe wakatukodia taksi ya kwenda Jumamosi iliyofuata, kiti cha mbele, ili aweze kunyoosha miguu. Njiani, tulipovuka daraja, aliniuliza mtoto wangu anaitwa nani, nikamwambia, akarudia jina mara mbili ili alishike.

Mama Chantal alikuwa shambani nyuma ya nyumba, anapanda matembele. Alipomwona Prof aliliacha jembe akaja anakimbia, anafuta mikono kwenye kitenge, anafurahi. Mimi hakunijua. Prof hakumpa nafasi ya kukaribisha.

"Mama, uyu njo aliandika ile barua ya kampuni. Ni mwanafunzi wangu. Njia ilikuwako. Hakutafuta. Na minye niliwaambia muache, bila kutafuta nami. Ni sisi wawili."

Mama Chantal alisimama. Alinitazama kuanzia viatu.

"Minye niliwaza ni muzungu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ninamulaani kila siku, ule muzungu. Nikiamuka ninamulaani. Kumbe ni mutoto ya hapa."

"Ni minye, Mama," nilisema.

"Kama haungeandika ile neno, Prof angeandika barua ingine?"

"Angeandika."

"Na mama yangu?"

"Sijui, Mama. Wa ng'ambo ya reli walihamishwa."

Aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Aliingia ndani. Tulidhani harudi. Alirudi na kiti kimoja, cha mbao, akakiweka kivulini karibu na ukuta, akampangusia Prof vumbi. Mimi hakuniletea. Prof alishika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, akanitazama nilivyosimama juani, na hakukaa. Miguu yake ilikuwa inatetemeka ndani ya suruali. Mama Chantal aliona.

Basi tulisimama watatu. Mama Chantal akaanza kutusimulia juu ya mama yake. Hakuanzia kwenye ukuta. Alianzia mbali, mama yake akiwa msichana aliyefika Likasi kwa treni na sanduku la bati. Namna alivyoogopa filimbi ya kiwanda. Namna alivyokataa kujifunza saa, akahesabu siku kwa filimbi hiyo hiyo. Alitusimulia kila kitu, bila haraka, na hatukumkatiza. Alipofika asubuhi ile alisema mama yake alikuwa ameamka na baridi, akaomba chai. Akasema ni yeye mwenyewe aliyemwambia mama yake akae karibu na moto, humo humo jikoni, maji yalikuwa karibu kuchemka.